Beit al-Ajaib: jumba la Unguja lililobeba mambo ya Mombasa

Ukiwauliza vijana wetu wa Mombasa au Malindi wakutajie jumba la kifalme la pwani hii, wengi watakutajia Fort Jesus. Nimewauliza, na hilo ndilo jibu ninalolipata mara nyingi. Fort Jesus ni ngome. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ajili ya mizinga na askari, haikukusudiwa kuwa makao ya mfalme yeyote. Jumba la kifalme ambalo bendera yake nyekundu ilipepea juu ya ngome hiyo mpaka Desemba 1963 liko ng'ambo, Unguja, mbele ya Forodhani. Linaitwa Beit al-Ajaib, yaani nyumba ya maajabu, na siku ya Krismasi ya mwaka 2020 sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka.

Nimeona watu wa kwetu wakiichukulia habari ile kama habari ya nchi nyingine. Kwa mipaka ya leo ni kweli. Lakini kodi ya ardhi tuliyoikalia, mahakama zetu za kadhi, hata kaburi la mwana mmoja wa mjenzi wa jumba hilo, yote yanarudi pale. Kwa hiyo nitalieleza jumba hili kwa jicho la mtu wa upande huu wa bahari.

Kwanza tusichanganye majina. Masultani wa Unguja hawakuwa na kasri moja. Ya zamani zaidi ni Beit al-Mtoni, nje ya mji upande wa kaskazini, ambayo Sayyid Said bin Sultan aliijenga mwishoni mwa miaka ya 1820 na mwanzoni mwa 1830, alipoanza kuhamishia macho yake kutoka Maskati kuja huku. Ndiye Said yule yule aliyewaondoa Mazrui katika ngome ya Mombasa mwaka 1837. Mjini kwenyewe, kando ya bahari, kulikuwa na Beit al-Sahel, nyumba ya pwani, na jirani yake Beit al-Hukm. Beit al-Ajaib ilikuja mwisho, miaka karibu 50 baadaye.

Maisha ya ndani ya kasri hizi tunayajua kwa sababu moja ambayo si ya kawaida: binti wa nyumba aliandika. Sayyida Salma binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani wa Hamburg, Heinrich Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani kwa jina la Emily Ruete. Anaeleza Mtoni kama kijiji kizima ndani ya ukuta: watu kama elfu moja, ua mkubwa wenye tausi na paa wakitembea huru, mabafu ambayo hayakosi watu usiku na mchana, na roshani ya mviringo iliyotokeza kuelekea baharini, ambako baba yake alikuwa akitembea na kutafakari na kunywa kahawa. Watoto wa mama wa Kichirikasi, wa Kihabeshi na wa kwingineko walikaa nyumba moja, na wivu wao na mapenzi yao vyote vimo kitabuni. Usomapo unaona kwamba kasri ilikuwa ofisi, hazina, shule na familia kwa pamoja, na ugomvi wa familia ulikuwa ndio siasa.

Mfano wake mkubwa ni Sayyid Barghash. Said alipofariki baharini mwaka 1856, Unguja ilimwendea mwanawe Majid. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua ndugu yake, na Salma, akiwa bado msichana, aliwaandikia wapangaji barua zao kwa kuwa alijua kuandika. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay kwa kiasi cha miaka miwili. Kule aliona mji wa Kihindi chini ya Waingereza: majengo ya ghorofa yenye roshani pana, maji ya bomba, saa za mnara. Alipopata kiti mwaka 1870 baada ya kifo cha Majid, alirudi nayo yale aliyoyaona. Alileta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi nje ya mji, akajenga bafu la umma la mtindo wa Kiajemi mtaa unaoitwa Hamamni mpaka leo, akajenga kasri ya Marhubi, na mwaka 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib.

Hili halikuwa jumba la kulala. Lilikuwa la kupokelea wageni na kufanyia sherehe, na kwa kweli lilikuwa la kuonyesha. Lina ghorofa tatu, lakini kila ghorofa ni ndefu kiasi kwamba lilizidi kila jengo mjini kwa urefu. Pande zote limezungukwa na varanda pana zilizobebwa na nguzo za chuma zilizoletwa kutoka Ulaya. Katikati kuna ua uliofunikwa, vyumba vimepangwa kuuzunguka, sakafu za marumaru nyeusi na nyeupe, na milango mikubwa ya mbao iliyochongwa aya za Kurani. Lilikuwa jengo la kwanza Unguja kuwa na taa za umeme na la kwanza kuwa na lifti, na hapo ndipo watu walipolipa jina. Waongozaji wa watalii husimulia pia kwamba mlango mkuu ulifanywa mpana ili Sultani aingie juu ya tembo. Hadithi nzuri, lakini sijapata kuona anayeeleza tembo huyo alifungwa wapi.

Mtu wa Lamu akiingia ndani ya jumba kama hili, jambo la kwanza litakalomgusa ni upana wa vyumba. Nyumba zetu za mawe, kutoka Pate mpaka Mombasa, hupimwa kwa boriti. Boriti ya mkoko ina urefu wake na nguvu zake, na ukishavuka mita mbili na nusu au tatu dari huanza kulegea. Ndiposa nyumba ya Kiamu ina vyumba virefu na vyembamba, msana nyuma ya msana mpaka ufike ndani. Hata kasri za mwanzo za Unguja zilifuata kipimo hicho hicho, na boriti nyingi za Unguja, na za Uarabuni pia, zilikatwa katika visiwa vya Lamu. Barghash alipoagiza mihimili ya chuma alikuwa amejitoa katika kipimo cha mkoko. Ghafla chumba kiliweza kuwa kipana. Kuta lakini zilibaki zile zile za mawe ya matumbawe na chokaa, na ndoa hiyo ya chuma cha Ulaya na matumbawe ya kwetu nitairudia mbele, maana ina sehemu yake katika yaliyotokea.

Jambo la pili ni madaraja. Beit al-Ajaib iliunganishwa na Beit al-Hukm na Beit al-Sahel kwa njia za juu zilizofunikwa, ili wanawake wa nyumba ya kifalme wapite kutoka jengo moja hadi jingine bila kuonekana na walio chini. Ukiyaelewa hayo hutasema ni ajabu. Lamu tunayaita wikio: chumba au daraja linalovuka juu ya ujia na kuunganisha nyumba mbili za ukoo mmoja. Barghash aliagiza chuma kutoka mbali, lakini mpango wa nyumba, nani apite wapi na nani amwone nani, ulikuwa ule ule wa bibi zetu.

Hapana budi kusema pia fedha zilitoka wapi. Unguja ya Barghash ilitajirika kwa karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa, na nafaka zilizowalisha zilitoka kwa sehemu katika mashamba ya Malindi na Takaungu, nayo yakilimwa na watumwa. Barghash mwenyewe, akibanwa na manowari za Waingereza, alitia saini mwaka 1873 mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini, na miaka kumi baadaye jumba likasimama. Utumwa wenyewe uliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na huku kwetu katika ukanda wa pwani haukuondolewa mpaka 1907. Wapo majirani zetu, Freretown na kwingineko, ambao wazee wao waliletwa katika safari hizo. Wakisema jumba lile haliwatii fahari yoyote, wana haki ya kusema hivyo. Mimi naona hilo ni sababu ya kulihifadhi na kulieleza lote, pamoja na nani aliyebeba mawe.

Sasa tuje kwenye ukanda wetu. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani walikaa wakapima enzi ya Barghash bara, wakamwachia ukanda wa maili kumi kutoka baharini. Mwaka uliofuata Barghash aliipa kampuni ya Waingereza ya William Mackinnon haki ya kuuendesha upande wa kaskazini, sehemu ambayo leo ni Kenya. Alifariki mwaka 1888, akiwa ameishi na jumba lake miaka mitano tu. Kampuni ilipolemewa, serikali ya Uingereza ilishika nchi Julai 1895, na Desemba mwaka huo ikakubaliana na Sultani Hamad bin Thuwaini kumlipa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, Mombasa, Malindi na Lamu zilikuwa za kukodi. Mpangaji alikaa Nairobi, mwenye nyumba Unguja, na wenyeji wenyewe hawakuulizwa.

Miezi minane baada ya mkataba huo, tarehe 25 Agosti 1896, Hamad alifariki ghafla. Khalid, mwana wa Barghash, aliingia kasri siku hiyo hiyo na kujitangaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza, ambao walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Khalid alikusanya wapiganaji kama 2,800, wengi wao watumishi na raia wa kawaida, akaweka mizinga mbele ya kasri, na meli ya kifalme Glasgow ikiwa imetia nanga bandarini. Upande wa pili walikuwa manowari za Uingereza chini ya Admeri Harry Rawson. Watu wa Kwale walikuwa wamekwisha kumjua Rawson: Agosti mwaka wa kabla, ndiye aliyeongoza kikosi kilichoivunja boma la Sheikh Mbarak bin Rashid Mazrui kule Mwele. Na Februari iliyofuata angeiongoza safari ya kuiteka Benin, Afrika Magharibi, ambako kasri ya mfalme iliteketea na shaba zake kubebwa. Makasri matatu ya Waafrika na Waarabu hayakuvunjwa na mtu mmoja kwa bahati tu. Ilikuwa ndiyo kazi.

Onyo lilikwisha saa tatu asubuhi ya tarehe 27 Agosti. Dakika mbili baadaye mizinga ilianza, na haikufika saa tatu na dakika arobaini na tano kabla ya bendera kushushwa. Vitabu vya Magharibi hupenda kuviita vita vifupi kuliko vyote duniani, kama kichekesho cha maswali ya runinga. Watu karibu 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa katika dakika hizo. Waingereza walijeruhiwa baharia mmoja. Kasri zilikuwa za mbao, boriti na matumbawe, zimejaa watu. Beit al-Hukm iliharibika isifae tena na ikabomolewa. Beit al-Sahel ilipigwa vibaya. Glasgow ilizama palepale, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi. Mnara wa saa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ulianguka.

Beit al-Ajaib yenyewe ilisimama, na madhara iliyopata yalikuwa madogo. Katika ukarabati uliofuata iliwekewa mnara wa saa juu ya uso wake wa mbele, ule tunaouona katika kila picha ya Forodhani. Mahali pa Beit al-Hukm palifanywa bustani. Kwa hiyo sura ya ufuo tuliyoizoea kwenye kadi za posta, jumba kubwa moja na nafasi wazi ubavuni mwake, ni sura iliyochongwa na mizinga.

Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani mjini humo, na Wajerumani wakamtorosha kwa bahari hadi Dar es Salaam, ambako alikaa miaka ishirini. Waingereza walimkamata mwaka 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakampeleka uhamishoni Seychelles na St Helena. Mwishowe aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, lakini si Unguja. Alifariki hapa Mombasa mwaka 1927. Mwana wa aliyejenga Beit al-Ajaib, aliyekuwa Sultani kwa siku mbili, alimalizia umri wake katika mji huu, na sijui mtaa hata mmoja wa Mombasa unaoitwa kwa jina lake wala kibao kinachomtaja.

Baada ya hapo masultani walirudi kukaa Beit al-Sahel iliyojengwa upya, na kuanzia 1911 Beit al-Ajaib ikawa ofisi za serikali ya Waingereza. Hapo ndipo jumba la maajabu lilipokuwa jumba la mafaili. Sultani Khalifa bin Haroub, aliyekaa kitini kuanzia mwaka huo mpaka 1960, ndiye Sultani ambaye wazee wetu wa Mombasa walimjua. Picha yake ilitundikwa sebuleni, liwali alihukumu kwa jina lake, na bendera yake ilikuwa Fort Jesus. Kodi ya pauni 11,000 iliendelea kulipwa.

Ilipokaribia uhuru ndipo swali la mwenye nyumba na mpangaji liliporudi. Wapo waliotaka Mwambao ujitawale au urudi Unguja, wapo waliotaka uwe Kenya moja kwa moja, na nyumba nyingi za pwani ziligawanyika juu ya jambo hilo. Sir James Robertson alitumwa kuchunguza na mwaka 1961 alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963 makubaliano yalitiwa saini: Sultani aliachia madai yake, na Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, wakabadilishana barua zenye ahadi juu ya uhuru wa dini, mahakama za kadhi, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na kutambuliwa kwa hati za ardhi za pwani. Kila mara mjadala wa mahakama za kadhi unapozuka nchini, watu hubishana kana kwamba ni zawadi iliyotolewa juzi. Ni sharti lililoandikwa wakati kasri ile ilipoiachia Mombasa.

Miezi mitatu baadaye kasri yenyewe haikuwa na mfalme. Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Sultani kijana, Jamshid bin Abdullah, alitoka kwa meli yake, Seyyid Khalifa, na bandari ya kwanza aliyoielekea ilikuwa Mombasa. Serikali ya Kenya haikumruhusu kushuka. Aligeuza kwenda Dar es Salaam, akapelekwa Uingereza kwa ndege, akaishi huko zaidi ya nusu karne mpaka Omani ilipomkubali mwaka 2020. Alifariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024. Nimewasikia wazee wakilieleza tukio lile la bandarini kwa namna mbili kabisa, wengine kwa uchungu, wengine wakisema mambo ya kifalme yalikuwa yamekwisha na ilikuwa bora hivyo. Sina la kuwaamulia.

Beit al-Sahel ilipewa jina la Kasri ya Watu na mwaka 1994 ikawa makumbusho, yenye chumba maalumu cha Sayyida Salma. Beit al-Ajaib ilipitia mikono ya chama tawala, kisha nayo ikageuzwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Waswahili. Katika ua wake wa kati, mahali ambapo zamani walisimama wageni wa Sultani, iliwekwa mtepe mzima: chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, cha tanga la mkeka. Mtepe ni chombo cha Wabajuni na visiwa vya Lamu, na huo uliojengwa upya Unguja uliitwa Shungwaya, jina ambalo Mbajuni na Mmijikenda wote wawili wanalitaja katika asili yao. Kwangu hicho ndicho kitu kilichokuwa na thamani kubwa katika nyumba ile. Marumaru unaweza kuyaona popote.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya Mji wa Kale wa Lamu. Orodha hiyo lakini haizuii mvua. Mwaka 2012 kipande kikubwa cha roshani kilidondoka na jumba likafungwa. Paa nalo likaanza kuachia. Ukarabati kwa msaada wa Omani ulikuwa unaendelea pale tarehe 25 Desemba 2020 uso wa mbele ulipoporomoka pamoja na mnara wa saa, mafundi wakiwa ndani. Watu wawili walifariki, wengine wakatolewa kwenye kifusi.

Nilisema nitarudi kwenye ile ndoa ya chuma na matumbawe. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Hunyonya unyevu wa bahari na kuutoa, na ndiyo sababu wazee walipaka chokaa mara kwa mara, si kwa urembo. Ukiuziba kwa lipu ya saruji, unyevu hubaki ndani, chumvi hujikusanya, na jiwe huanza kuwa unga nyuma ya uso unaoonekana mzima. Chuma nacho kikishika kutu huvimba, na kikiwa kimepachikwa ndani ya ukuta huo hulipasua jiwe polepole. Jengo lenye vyote viwili, kando ya bahari, lenye paa linalovuja, haliwezi kukaa miaka bila mtu wa kulitazama. Mizinga ya Rawson haikuliangusha kwa dakika arobaini. Maji ya mvua yaliliweza.

Wapo wanaosema sasa lijengwe upya kwa zege, lipate sura ile ile ya mbele, biashara iendelee. Nayaelewa maoni hayo, maana Forodhani bila jumba lile ni kama kinywa kilichong'oka jino la mbele na watalii hawaji kutazama pengo. Lakini sikubaliani nayo. Ukijenga sura tu kwa zege umejenga hoteli. Kinachotakiwa ni mafundi wanaojua kuchoma matumbawe, kuzima chokaa na kuisubiri, na mafundi hao ni wachache Unguja kama walivyo wachache Lamu na Mombasa. Kazi kubwa kama ile ingeweza kuwa darasa la vijana wa pwani nzima, wa huku na wa kule. Tembea Mji wa Kale wa Mombasa kuanzia Ndia Kuu mpaka Kibokoni uone ni nyumba ngapi zimevikwa saruji na ngapi zimeegemezwa kwa miti. Nyumba ya babu yangu ni mojawapo. Tulipoibandua lipu ukutani mwaka juzi, jiwe la nyuma yake lilichotwa kwa kijiko.

Kwa anayekwenda Unguja na hataki kuishia mbele ya uzio wa Forodhani: magofu ya Mtoni yako kaskazini mwa mji, na kabla ya kuyafikia utapita Marhubi, ambayo iliungua mwaka 1899 na imebakisha safu za nguzo zake nene na mabafu. Karibu na Beit al-Sahel kuna makaburi ya Makusurani, alikozikwa Sayyid Said na Barghash pia. Mtoni nenda jioni, maji yakiwa yamejaa, usimame upande wa bahari ambako roshani ya Said ilitokeza. Pepo za kusi ndizo zilizoleta majahazi yetu kurudi kaskazini kutoka hapo, na ukiwa umesimama pale Mombasa iko kaskazini, upande wako wa kulia.